"Draw" si "tie": sentensi moja iliyonikwamisha wiki nzima

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Nilikuwa natafsiri makala ya kriketi, kazi ya kawaida kwangu, nikafika mahali mwandishi anasimulia mechi ya Zimbabwe na Uingereza iliyochezwa Bulawayo Desemba 1996. Kwa Kiingereza alisema mechi iliisha kwa "draw", timu zikiwa zimelingana alama. Vidole vyangu vikaandika vyenyewe: "Mechi ilitoka sare, alama zikiwa sare." Nikaisoma kwa sauti. Nikafuta. Nikajaribu tena: "Timu zilitoka sare kwa alama sawa." Hiyo nayo ilikuwa maji matupu, maana sare gani tena isiyo ya alama sawa?

Kwa mtu aliyelelewa na soka, hapo hakuna swali la kuuliza. Dakika tisini zikiisha mbili kwa mbili, ni sare. Zikiisha moja kwa moja, ni sare. Hesabu ya mabao na matokeo ya mechi ni kitu kimoja. Kwa hiyo nilidhani mwandishi anajirudia tu, kama sisi waandishi wa michezo tunavyofanya tukitaka kujaza mstari. Lakini nilipotazama kadi ya alama ya mechi ile niligundua kwamba hakuwa anajirudia hata kidogo. Alikuwa ametaja mambo mawili, na mimi nilikuwa na neno moja.

Tazama ilivyokuwa. Zimbabwe ilipiga zamu zake mbili ikapata mbio 376 na 234; mbio ndizo alama za kriketi, na wapigaji wawili huzipata hasa kwa kukimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Uingereza ilijibu kwa 406 katika zamu ya kwanza, na siku ya mwisho ikawa inahitaji mbio 205 ili ishinde. Muda ukazidi kuyoyoma. Ulipofika mpira wa mwisho kabisa wa mechi, Uingereza ilihitaji mbio tatu. Nick Knight, mpigaji aliyekuwa na mbio 94, akaupiga mbali. Wakakimbia ya kwanza. Wakakimbia ya pili. Wakaivamia ya tatu, na Knight akatolewa kabla hajafika upande wa pili. Uingereza ikabaki na 204. Sasa jumlisha: 376 na 234 ni 610, 406 na 204 ni 610. Baada ya siku tano, timu mbili zimelingana hadi mbio ya mwisho.

Na bado haikuwa "tie". Kwa sheria za kriketi, matokeo huitwa "tie" pale alama zinapolingana na timu inayopiga mwisho imemaliza zamu yake. Uingereza ilikuwa imepoteza wiketi sita tu kati ya kumi, yaani wapigaji sita tu ndio waliokuwa wametolewa. Zamu yake haikuisha. Kilichoisha ni muda. Kwa hiyo vitabuni ikaandikwa "draw", neno lilelile ambalo lingeandikwa kama Uingereza ingekuwa na mbio 100 tu na mvua ikanyesha mpaka jioni.

Hapo ndipo kalamu yangu ilipokwama. Nikaanza kuzitafuta mechi nyingine za aina hii, na nikazikuta za kila namna.

Ya kwanza kila mpenzi wa kriketi ataitaja: Brisbane, Desemba 1960, Australia na West Indies. West Indies 453 na 284. Australia 505 katika zamu ya kwanza, na katika ya pili ilihitaji 233. Ova ya mwisho, yaani fungu la mwisho la mipira ya mrushaji mmoja, ilianza Australia ikitafuta mbio sita na ikiwa na wiketi tatu mkononi. Enzi hizo ova moja ilikuwa na mipira minane huko Australia, na mrushaji alikuwa Wes Hall, mtu wa kasi ya kutisha. Ndani ya ova hiyo nahodha Richie Benaud akadakwa, Wally Grout akatolewa akikimbia, na alama zikawa zimelingana huku mipira miwili ikiwa imebaki. Mpigaji wa mwisho akaupiga, na Ian Meckiff akatimua mbio kutoka upande wa pili. Joe Solomon aliuokota mpira akiwa pembeni kabisa ya vijiti vitatu vya wiketi, mahali ambapo huonekana kama kijiti kimoja. Akaurusha, ukapiga. Meckiff nje. Australia wote wametolewa, 232. Pande zote mbili, 737 kwa 737.

Hiyo ndiyo ilikuwa "tie" ya kwanza katika historia ya mechi za siku tano baina ya mataifa, mechi ambazo zilianza mwaka 1877. Ya pili ilikuja mwaka 1986 mjini Madras, jiji linaloitwa Chennai siku hizi, kati ya India na Australia, 744 kwa 744, wiketi ya mwisho ikianguka mpira mmoja kabla ya ova ya mwisho kumalizika. Mechi za aina hiyo zimeshapita elfu mbili na mia kadhaa, na tie zilizopatikana ni hizo mbili tu. Draw, kinyume chake, hazihesabiki kwa vidole wala kwa mikono ya kijiji kizima.

Na draw haijali hesabu. Mwaka 1939 Afrika Kusini na Uingereza zilikutana Durban katika mechi iliyotangazwa kuwa haina kikomo cha siku: wangecheza mpaka apatikane mshindi. Ilianza Machi 3 na kufika Machi 14. Uingereza ilipewa kazi ya kutafuta mbio 696 katika zamu ya mwisho, kazi ambayo hakuna timu iliyowahi kuikaribia, na ikafika 654 kwa wiketi tano. Zilibaki mbio 42. Kisha mvua ikanyesha, na Waingereza walikuwa na meli ya kupanda Cape Town kurudi kwao, na kabla ya meli kulikuwa na safari ndefu ya treni. Wakakubaliana kuiacha. Mechi isiyo na kikomo ikakomeshwa na ratiba ya meli, na matokeo yakaandikwa "draw". Alama hazikulingana. Hakuna aliyedai zimelingana.

Nilipoifikiria Durban ndipo nilipoanza kuuona mpaka kati ya maneno haya mawili. "Tie" ni jibu la hesabu. Pande mbili zimehesabiwa, hesabu imefungwa, na namba zimekuwa zilezile. "Draw" haisemi chochote kuhusu namba. Inasema pande mbili zimeachana na mshindi hakupatikana. Wapo wanaoeleza kwamba neno hilo linatokana na kuondoa: wachezaji, au dau lao, limetolewa uwanjani. Kama maelezo hayo ni sahihi, basi yanaingia Durban kama ufunguo kwenye kufuli lake.

Ukitaka kuuona mpaka huu ukiwa wazi zaidi, nenda kwenye sataranji. Huko mchezo mmoja mmoja hauwi "tie" kamwe. Ni "draw" tu, hata Wamarekani wanasema hivyo, na Wamarekani ndio waliozoea kuita kila mlingano wa michezo "tie", kuanzia mpira wao wa miguu hadi hoki. Kwenye ubao, mmoja anaweza kubaki na mfalme peke yake na mwenzake ana mfalme na malkia, mchezo ukaisha bila mshindi kwa sababu tu yule maskini, zamu ikiwa yake, hana pa kusogea na wala hajashambuliwa. Mmoja ana jeshi, mwingine hana kitu, na matokeo ni nusu kwa nusu. Huwezi kuuita mlingano. Hawakulingana chochote. Wameachana tu.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha yote: draw inaweza kuombwa. Mchezaji wa sataranji anasogeza kete yake, anamtazama mwenzake usoni, anamwambia tuishie hapa. Mwenzake akikubali, wanapeana mikono. Tie haiombwi. Huwezi kumwendea mpinzani wako ukiwa na alama 40 naye ana 55 ukamwambia tufanye tumelingana. Mlingano hutokea wenyewe au hautokei.

Michuano ya ubingwa wa dunia ya sataranji inayaonyesha maneno yote mawili yakifanya kazi bega kwa bega. Novemba 2018 jijini London, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walicheza michezo 12 na yote 12 ikaisha kwa draw, na kwa sababu hiyo mpambano mzima ukawa tie, 6 kwa 6. Carlsen akashinda kwenye michezo ya kasi iliyofuata, 3 kwa 0. Lakini rudi nyuma hadi kwa Anatoly Karpov na Garry Kasparov, waliokaa kwenye ubao kuanzia Septemba 1984 hadi Februari 1985, michezo 48, ndani yake draw 40. Mpambano ulipositishwa, Karpov alikuwa ameshinda mitano na Kasparov mitatu. Draw 40, na tie hakuna. Mtu anayeamini kwamba maneno haya ni pacha aisome sentensi hiyo mara mbili.

Ndondi nazo zina yao. Machi 1999 jijini New York, Lennox Lewis na Evander Holyfield walipigana raundi 12 kutafuta bingwa mmoja wa uzito wa juu. Jaji mmoja alimpa Holyfield, 115 kwa 113. Wa pili akampa Lewis, 116 kwa 113. Wa tatu akaona 115 kwa 115. Ukizijumlisha zote, Lewis ana 344 na Holyfield ana 343. Namba hazilingani, na uamuzi ulikuwa draw, kwa sababu majaji hawahesabiwi kwa pointi zao bali kwa upande wanaousimamia: mmoja huku, mmoja kule, mmoja katikati. Watu wengi waliotazama waliona Lewis ameonewa, nami ni mmoja wao. Walirudiana Novemba mwaka huohuo na Lewis akashinda kwa pointi.

Sasa basi, Kiswahili.

Kwa siku kadhaa nilikuwa nalalamika moyoni kwamba lugha yangu ina neno moja pale Kiingereza kina mawili. Malalamiko hayo hayakuwa ya haki. Tunayo mawili, tena yamekaa midomoni mwetu kila wikiendi: sare na suluhu. Tatizo ni kwamba tumeshayagawia kazi nyingine. Watangazaji wengi wa soka hutumia suluhu mechi inapoisha bila kwa bila, na sare pale mabao yanapokuwepo. Wengine huiita ile ya bila kwa bila "sare tasa", usemi ninaoupenda kwa sababu unaionyesha mechi yenyewe: jasho lote lile na hakuna kilichozaliwa.

Lakini yasikilize maneno yenyewe kabla hayajavaa jezi. Sare ni nguo za kufanana. Wanafunzi wamevaa sare, wanakwaya wameshona sare. Ukisema timu zimetoka sare umesema zimetoka zimevaa vazi moja, namba hii na namba ile kitambaa kimoja. Hiyo ni tie tupu. Na suluhu? Suluhu ni watu waliokuwa wakigombana wakapatana, au angalau wakaacha kupigana. Ndugu zake ni kusuluhisha, msuluhishi, usuluhishi. Suluhu haisemi kwamba waliogombana walikuwa na nguvu sawa. Haisemi nani alikuwa na haki. Inasema vita vimekoma na hakuna aliyemwangusha mwenzake. Na suluhu, kama draw ya sataranji, huombwa na kukubaliwa. Hakuna anayeomba sare.

Lugha nyingine nazo zimelihisi jambo hili kila moja kwa njia yake. Warusi huita matokeo ya namna hii kwa neno lenye maana ya kwamba ushindi si wa mtu yeyote. Wahispania wana neno moja la mlingano wa michezo mingi na jingine kabisa la sataranji. Sisi tunayo malighafi bora kuliko wote, na tumeitumia kutofautisha bila kwa bila na moja kwa moja.

Sitaki kuonekana kama nawasahihisha watangazaji. Kwenye soka mgawanyo wao unafanya kazi nzuri, tena una mantiki ambayo sikuiona mpaka nilipolichungulia neno kufungana. Zikiwa mbili kwa mbili tunasema timu zimefungana mabao mawili. Kila mmoja amemfunga mwenzake. Na "tie" kwa Kiingereza ni kufunga, kamba na fundo! Neno lao la mlingano na neno letu la mlingano vimetoka kwenye picha moja bila kuambizana: wawili waliofungana, hakuna anayeweza kwenda popote bila mwenzake. Lakini zikitoka bila kwa bila hazikufungana. Hakuna kamba. Wamepigana, wakachoka, wakaachana. Kumbe suluhu imekaa pale kwa haki yake.

Nilipolieleza hili kwa rafiki yangu anayefuatilia sana soka la Uingereza, akanipa kitendawili ambacho sikuwa nimekiwaza. Waingereza huita mechi ya mtoano "tie". Na ile shughuli ya kuchomoa vimpira kwenye chombo ili timu zijue zitacheza na nani, wanaiita "draw", ambayo sisi tumeipokea kama droo. Kwa hiyo kwenye kombe, draw ndiyo inayozaa tie. Tie nayo inaweza kuisha kwa draw. Na tie ni mechi ambayo, kwa kuwa ni ya mtoano, haiwezi kuachwa ikiwa tie. Akacheka, mimi nikachukua karatasi. Ukienda na picha za zamani hakuna utata wowote: draw ni kuvuta, na mkono unavuta kimpira kutoka chomboni, tie ni kufunga, na timu mbili zimefungwa pamoja mpaka moja ifunguliwe iendelee na safari. Na droo yetu sasa imebeba mizigo yote miwili, maana wapo wanaosema "wametoka droo" na "droo ya makundi imepangwa" katika taarifa moja ya habari, na msikilizaji hapotei.

Riadha na kuogelea havina draw. Huko ni tie tupu, kwa kuwa hakuna anayepambana na mwenzake mkono kwa mkono; kila mtu anapambana na saa au na futi kamba. Kwenye fainali ya mita 100 ya mtindo wa kipepeo kwa wanaume, Rio 2016, watu watatu waligusa ukuta kwa sekunde 51.14: Michael Phelps, Chad le Clos na László Cseh. Medali tatu za fedha. Saa ingeweza kuwatenganisha kwa elfu moja ya sekunde, lakini kuogelea kumeamua kutofanya hivyo tangu Munich 1972, pale Gunnar Larsson alipompita Tim McKee kwa elfu mbili za sekunde. Hakuna fundi anayeweza kujenga njia nane za bwawa zikalingana urefu kiasi cha kuipa maana tofauti ndogo namna hiyo. Kwa hiyo tie nyingi za kuogelea ni za makusudi, tumekubali mahali pa kuacha kuhesabu. Nadhani huo ni uungwana.

Halafu kuna Tokyo, Agosti 1, 2021, siku iliyovuruga mpaka wote niliouchora.

Fainali ya kuruka juu. Mutaz Essa Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia wote wameruka mita 2.37 bila kosa lolote njiani. Wote wameshindwa mara tatu kwenye 2.39. Namba zimelingana kabisa. Kwa Kiingereza hiyo ni tie, hakuna neno jingine. Msimamizi anawaita, anaanza kuwaeleza utaratibu wa kuruka tena mpaka mmoja ashindwe. Barshim anamkatisha kwa swali: je, tunaweza kupata dhahabu mbili? Msimamizi anajibu inawezekana. Barshim anamtazama Tamberi. Hawajadiliani. Wanapigana kiganja, na Tamberi, ambaye mwaka 2016 aliumia kifundo cha mguu akaikosa Olimpiki ya Rio, anamrukia mwenzake kifuani na kuanza kulia.

Miaka mitatu baadaye, Paris, ilitokea hivyohivyo: Hamish Kerr wa New Zealand na Shelby McEwen wa Marekani walilingana kwenye 2.36. Hao wakachagua kuendelea kuruka, na Kerr akachukua dhahabu kwa 2.34. Hawakukosea, ilikuwa haki yao. Ila tofauti kati ya Tokyo na Paris haimo kwenye namba. Mahali pote pawili namba zilikuwa sare. Kilichotokea Tokyo pekee ni kwamba mtu mmoja aliomba na mwenzake akakubali. Kwa Kiingereza pote ni tie. Kwa Kiswahili naweza kusema, bila kutafuta neno lolote jipya, kwamba Paris walitoka sare wakaendelea, na Tokyo walitoka sare wakafikia suluhu.

Baada ya hapo nilirudi Bulawayo. Nilijua wapo wasomaji watakaoona neno suluhu na kudhani kriketi imeisha bila kwa bila, kwa hiyo nikaongeza maneno machache ya kuwashika mkono. Sentensi niliyoituma ilikuwa ndefu kuliko ya Kiingereza: "Muda uliisha na mechi ikawa suluhu, alama zikiwa sare, 610 kwa 610, na Uingereza ikiwa bado na wiketi nne mkononi."